Jinsi ya Kuchunguza Makao ya Wazee kwa Ajili ya Jamaa Mwenye Dimensia: Mwongozo kwa Familia za Malindi

Mzee mwenye akili timamu akipelekwa kwenye makao ya wazee, anaweza kukupigia simu jioni na kukueleza kwamba chakula kilikuwa cha baridi au kwamba mhudumu fulani ana mkono mzito. Mwenye dimensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu, lugha na uamuzi, hana uwezo huo. Huenda alipigwa asubuhi na kufikia adhuhuri amesahau, au anakumbuka lakini maneno hayaji, au anasema na watu wanamjibu kwamba ni maradhi yanayosema. Kwa sababu hiyo, familia inayochunguza makao haina budi kutafuta ushahidi mahali pengine: kwenye mwili wa mgonjwa, kwenye daftari la dawa, kwenye saa za usiku, na kwa wahudumu wenyewe wanapodhani hakuna anayewatazama. Mwongozo huu umeandikwa kwa nia hiyo, hasa kwa watu wa Malindi na vitongoji vyake, ambako makao ya namna hii ni machache na familia nyingi huishia kutazama Mombasa au hata Nairobi.

Kabla ya kutoka nyumbani

Hakikisha kwanza kwamba ugonjwa umepimwa. Si kila anayesahau ana dimensia. Tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, upungufu wa vitamini B12, kaswende ya muda mrefu, virusi vya UKIMWI, sonona, damu iliyovilia ndani ya fuvu baada ya kuanguka, na hata mchanganyiko wa dawa, vyote vinaweza kumchanganya mzee, na baadhi yake hutibika. Anza katika hospitali ya serikali ya Malindi, na uombe rufaa ya kwenda hospitali kuu ya Pwani mjini Mombasa ikihitajika. Daktari akishathibitisha kwamba ni dimensia, muulize ni ya aina gani. Alzheimer ndiyo inayoonekana zaidi, na huingia polepole. Ile inayotokana na mishipa ya damu mara nyingi hushuka kwa vipindi, kila kipigo kidogo cha kiharusi kikiondoka na kitu. Dimensia ya miili ya Lewy, yaani vijibonge vya protini vinavyojikusanya ndani ya ubongo, humfanya mgonjwa aone watu wasiokuwepo na kumkaza viungo, na ina hatari yake maalumu katika upande wa dawa, ambayo nitaieleza mbele. Makao yasiyouliza aina ya ugonjwa siku ya kwanza yamekwisha kukuambia jambo muhimu kuyahusu.

Baada ya hapo, kaa na ndugu zako muandike ukurasa mmoja unaomweleza jamaa yenu. Andikeni jina analoliitikia, kwa kuwa huenda Bi Mwanaisha wa kwenye kitambulisho haitiki ila akiitwa Mwana, jina la utotoni. Andikeni kazi aliyoifanya: aliyekuwa mvuvi maisha yake yote ataamka saa kumi za alfajiri akitaka kutoka, naye hafanyi usumbufu, bali anakwenda kazini. Andikeni chakula anachokipenda, saa zake za swala au siku zake za kanisani, vitu anavyoviogopa, na jinsi anavyoonyesha maumivu.

Andikeni pia lugha yake, na msilipuuze hili. Ugonjwa unapoendelea, mara nyingi lugha zilizojifunzwa baadaye hutangulia kupotea, na mgonjwa hurudi kwenye lugha ya mama. Mzee wa Ganze aliyezungumza Kiswahili na Kiingereza miaka yote anaweza kubaki na Kigiriama peke yake, na bibi aliyeolewa Malindi akitokea Lamu anaweza kubaki na Kiamu cha kwao. Ikiwa hakuna mhudumu hata mmoja kwenye zamu anayemwelewa, ombi lake la maji litasikika kama makelele.

Kuhusu umbali, maoni yangu ni thabiti: nyumba ya kawaida iliyo Barani au Muyeye, ambako mmoja wenu anaweza kupita mara tatu kwa wiki, ina thamani kuliko jengo zuri la Nairobi mtakalolitembelea wakati wa Idi au Krismasi. Mgonjwa anayetembelewa mara kwa mara, na kwa saa zisizotabirika, hutunzwa vizuri zaidi kwa sababu wahudumu wanajua ana watu.

Vyeti

Kazi hii ni fupi. Omba kuona kibali cha biashara cha kaunti, vyeti vya afya vya wapishi, na leseni ya sasa ya kila muuguzi kutoka baraza la wauguzi la Kenya. Mahali panapojiita hospitali au kituo cha uuguzi panapaswa pia kuwa na usajili wa baraza la madaktari na madaktari wa meno. Uliza kama ofisi ya maendeleo ya jamii ya eneo hilo inayafahamu makao hayo, kisha nenda ofisini ukathibitishe mwenyewe. Vyeti vikikosekana, ondoka. Lakini vikiwepo, usidhani kwamba uchunguzi umekwisha.

Ziara ya kwanza na ziara ya pili

Ziara ya kwanza iwe ya miadi, asubuhi, umsikilize msimamizi na kuzungushwa. Ya pili isiwe na miadi, na iwe kati ya alasiri na magharibi. Huo ndio wakati ambao wagonjwa wengi wa dimensia huchafukwa: jua linapoteremka huanza kutangatanga, kulia, kutaka kurudi kwao, au kushuku kwamba wameibiwa. Ndio pia wakati wa kubadilishana zamu na wa kuandaa chakula cha jioni, kwa hivyo wahudumu huwa wamechoka na mikono ni michache. Makao yanayobaki na utulivu saa kumi na mbili jioni yanajua kazi yake.

Usikae ofisini. Omba kiti sebuleni au barazani, keti, na utazame kwa muda wa kutosha hata wahudumu waache kukujali. Tazama kama kuna kikombe cha maji karibu na kila mgonjwa na kama mkono wake unakifikia, kwani katika joto la kaskazi, kati ya Desemba na Machi, mzee asiyekumbuka kunywa maji huishiwa upesi. Tazama kucha, ndevu, na kama kila mtu amevaa miwani na meno ya bandia yaliyo yake mwenyewe. Harufu ya mkojo iliyo mahali pamoja ina maana kwamba mtu fulani amejikojolea sasa hivi. Harufu iliyoenea nyumba nzima ina maana kwamba hakuna anayebadilisha watu kwa wakati.

Zaidi ya yote, sikiliza jinsi maswali yanayorudiwa yanavyojibiwa. Chukua mfano wa bibi anayemuuliza mhudumu mumewe atarudi saa ngapi kutoka baharini, ilhali mume huyo alifariki zamani. Mhudumu asiyefunzwa humjibu, "Si nilikwambia alishakufa," na bibi hulia upya kana kwamba ndiyo kwanza anapata habari, na baada ya robo saa huuliza tena na kufiwa tena. Mhudumu aliyefunzwa huketi kando yake na kusema, "Leo umemkumbuka sana, bibi. Alikuwa akileta samaki gani?" Bibi huanza kusimulia habari za changu na tafi, na hofu humtoka. Mkikuta mhudumu wa namna hii mahali palipopakwa rangi ya bei nafuu, mpeni uzito kuliko vigae na bustani.

Kuoga, stara na mwili

Kuoga ndiko ugomvi mwingi hutokea, na ndiko mgonjwa huumizwa zaidi, kwa kuwa hutendeka nyuma ya mlango. Jiweke mahali pake: watu usiowatambua wanakuvua nguo na kukumwagia maji. Kupiga na kuuma ni kujitetea. Kwa hiyo mwombe msimamizi akueleze, hatua kwa hatua, jinsi wanavyomwogesha mtu anayekataa. Jibu zuri huwa na mambo madogo madogo ndani yake. Maji hupashwa moto kidogo na mgonjwa huyagusa kwanza kwa vidole. Mwanamke huketishwa kwenye kiti cha plastiki akiwa bado amejifunga leso, na mhudumu wa kike huiinua upande mmoja tu kwa wakati, akisema analofanya kabla ya kulifanya: "Bibi, sasa nakuosha mguu wa kulia." Leso iliyolowa hutolewa chini ya leso kavu, ili asibaki uchi hata mara moja. Akikataa kabisa, huachwa na kujaribiwa baada ya saa moja, au hufutwa kwa kitambaa akiwa kitandani. Ukijibiwa tu kwamba "tunawashika watu wawili na inakwisha haraka," umepata jibu lako.

Kwa familia ya Kiislamu, ulizeni wazi nani humwogesha mwanamke ikiwa zamu ya usiku ni ya wanaume watupu, na kama kuna anayemsaidia mgonjwa kutawadha iwapo bado anatamani kuswali. Swala ya mtu kama huyu haidaiwi kwa hesabu, lakini mwendo wa kurukuu na kusujudu unaweza kubaki mwilini baada ya mengi kwenda, nao humtuliza. Kuhusu Ramadhani, mjulisheni msimamizi kwa maandishi kwamba mgonjwa asifungishwe, maana mtu aliyepotewa na akili hana wajibu wa saumu, na mwenye kisukari anaweza kuzimia kabla ya adhuhuri.

Kwa wasiotoka kitandani, uliza hugeuzwa kila baada ya muda gani. Desturi ya uuguzi ni takribani kila saa 2, na daftari la kugeuzwa linapaswa kuwepo kando ya kitanda. Ukiona safu ndefu ya saini za kalamu moja na mwandiko mmoja, zote zikiwa za saa kamili, fahamu kwamba huenda zimejazwa kwa mkupuo. Uliza wagonjwa wangapi wana vidonda vya kulalia na vilianzia wapi. Makao yanayopokea wagonjwa mahututi yatakuwa navyo mara moja moja, kwa hivyo anayekiri na kukueleza jinsi anavyovitibu ni mkweli kuliko anayeapa kwamba havijawahi kutokea.

Uliza pia kama wana mzani, na kama wagonjwa hupimwa kila mwezi. Kupungua kwa asilimia 5 ya uzito ndani ya mwezi mmoja ni dalili ya hatari, yaani kilo 3 kwa mtu wa kilo 60. Kaa wakati wa chakula uone. Kuna anayeweka sahani ya wali na samaki mbele ya mzee na kurudi baadaye kuiondoa akisema hakutaka, na kuna anayemtolea miiba, akamshikisha kijiko, akaanza naye tonge la kwanza, akangoja ameze kabla ya kumpa la pili. Ugonjwa ukiendelea, kumeza nako huharibika, na mgonjwa anayelishwa uji akiwa amelala chali anaweza kupata homa ya mapafu kwa chakula kilichopita njia isiyo yake.

Dawa

Hapa naomba msomaji asiwe na haraka. Mgonjwa anayelala usingizi mchana kutwa hana fujo, na makao yenye wahudumu wachache yanashawishika sana kumfanya alale. Dawa zinazotumika ni kama haloperidoli, olanzapini, diazepamu, na promethazini ambayo wengi huijua kwa ajili ya mafua na mzio. Zipo nyakati ambapo daktari huzitumia kwa haki, kwa dozi ndogo na kwa muda mfupi, mgonjwa anapojihatarisha au kuwahatarisha wengine. Lakini mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali kwamba dawa mpya za kutibu wazimu, kama olanzapini, huongeza vifo kwa wazee wenye dimensia, na mwaka 2008 onyo hilo likapanuliwa hadi dawa za zamani, haloperidoli ikiwemo. Kwa mwenye miili ya Lewy, haloperidoli inaweza kumkakamaza mwili na kumuua. Hilo liandikwe kwa wino mwekundu kwenye jalada lake, na nakala ibandikwe kwenye kabati la dawa.

Kwa hiyo uliza: nani huamua kumpa mgonjwa dawa ya kumtuliza? Je, kuna daktari anayeandika, au muuguzi huongeza mwenyewe usiku? Familia hupigiwa simu kabla? Dozi hupitiwa upya lini? Kisha tazama sebuleni. Ukikuta watu wengi wameinamisha vichwa saa nne za asubuhi, mate yanatiririka, na televisheni inajisemea peke yake, usikubali kuambiwa kwamba wazee hupenda kulala.

Swali jingine la kupima ujuzi wao ni hili: "Mgonjwa aliyekuwa mtulivu akianza ghafla kupiga kelele usiku, mnafanya nini kwanza?" Mabadiliko ya ghafla karibu kila mara yana sababu mwilini. Inaweza kuwa maambukizi ya njia ya mkojo, malaria, kufunga choo kwa siku kadhaa, upungufu wa maji, jino, au mfupa uliovunjika bila mtu kujua. Anayesema "tunampima joto, tunapima mkojo, tunaangalia alipata choo lini" anastahili kuaminiwa. Anayeanza na sindano, hapana.

Kutangatanga, na hatari ya hapa kwetu

Mgonjwa wa dimensia huondoka. Malindi ina bahari, visima vilivyo wazi na barabara kuu yenye matatu na tuktuk, kwa hivyo lango lazima liwe na mtu. Hata hivyo, kumfungia mtu chumbani au kumfunga kwenye kiti kwa leso si ulinzi. Tazama vifundo vya mikono na vya miguu vya wagonjwa wengine kama vina alama za kufungwa. Mahali pazuri pana ua wenye kivuli na njia inayozunguka na kurudi ilikoanzia, ili anayetaka kutembea atembee hadi atosheke.

Hatari ya pili inazungumzwa kwa sauti ya chini, nami naona tuiseme wazi. Katika Kaunti ya Kilifi wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Mtu anayetoka usiku, anayekutwa uani kwa jirani bila kujua alifikaje, anayesema na wasioonekana na asiyewatambua wanawe, ana dalili ambazo daktari huziita dimensia na mtaa huziita jambo jingine. Familia nyingine hutafuta makao kwa sababu hiyo hasa, na ni sababu halali. Lakini wahudumu nao ni watu wa hapa, na lango halizuii imani. Wakati wa mazungumzo waulize kwa upole wanaamini nini kinawapata wagonjwa hao. Ukisikia kwamba fulani "ana mambo yake" au kwamba usiku hawamkaribii, jamaa yako hatapata maji usiku huo. Swali hili limenishawishi kuliko yote kwamba mafunzo ya wahudumu yana uzito kuliko majengo.

Usiku, maji na stima

Uliza majina ya walio kwenye zamu ya usiku, idadi ya wagonjwa wanaowahudumia, na kama wanaruhusiwa kulala. Mtu mmoja kwa wagonjwa 20 hawezi kugeuza, kubadilisha pampasi na kumzuia anayetoka kwa wakati mmoja, hata awe na moyo wa namna gani. Fungua bomba. Ulizia tangi la akiba, kwa sababu maji ya mjini hukatika, na mahali penye wasiodhibiti mkojo hapawezi kuvumilia siku mbili bila maji. Stima ikipotea, kuna taa gani njiani kuelekea chooni? Gari la kumpeleka mgonjwa hospitali usiku ni la nani, na nambari ya dereva iko ukutani au kwenye simu ya mtu mmoja aliyekwenda likizo?

Fedha na mkataba

Usilipe kabla ya kuona mkataba. Mkataba uonyeshe ada ya mwezi inajumuisha nini, maana pampasi, dawa, ufuaji, nauli ya hospitali na mhudumu wa ziada vinaweza kuipita ada yenyewe. Uonyeshe pia amana hurudishwa vipi mgonjwa akifariki au akihamishwa, na kwa sababu zipi makao yanaweza kumtoa. Usikubali kifungu kinachoweka saa chache za kumtembelea, wala kinachompa msimamizi mamlaka ya kupokea fedha za mgonjwa. Pesa za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee, ambazo ni shilingi 2,000 kwa mwezi kwa waliotimiza miaka 70, zipokelewe na mtu wa familia aliyekubaliwa na wote. Hati za shamba zisiingie kwenye makao hata siku moja. Ikiwa kuna mali ya kusimamiwa na mgonjwa hawezi tena kuamua, mwoneni wakili kuhusu kuiomba mahakama imteue msimamizi, maana saini anayoiweka mtu asiyejua anachotia saini inaweza kubatilishwa baadaye na kuwagombanisha.

Wiki za kwanza na baada yake

Omba kipindi cha majaribio cha mwezi mmoja kwa maandishi. Mpeleke asubuhi, si jioni, na mto wake, leso zake na picha za watu wake. Siku ya kuhamia, msimame na muuguzi mtazame ngozi yake yote, muandike kila kovu na kila jeraha, na nyote wawili mtie saini, ili pasiwe na ubishi baadaye kuhusu kilichotokea wapi. Wiki mbili za kwanza huenda akachafukwa zaidi kuliko alivyokuwa nyumbani. Hilo peke yake halithibitishi kwamba anateswa.

Baada ya hapo, tembeleeni kwa zamu, kwa saa tofauti, na kila mmoja aandike kwenye daftari moja la familia: uzito, hali ya ngozi, dawa mpya, na jinsi alivyowapokea wahudumu. Tazama sana hili la mwisho. Akijikunja mhudumu fulani anapokaribia, huo ni ushahidi, hata kama hawezi kumtaja jina.

Mkiona jambo baya, piga picha yenye tarehe na umwandikie msimamizi, ubaki na nakala. Ibara ya 57 ya Katiba ya 2010 inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na ya kupata matunzo kutoka kwa familia yake na kwa serikali. Kwa kipigo au dhuluma ya mwili, nendeni polisi na kwa afisa wa maendeleo ya jamii. Kwa muuguzi aliyekiuka kazi yake, kwa baraza lake. Msimwache pale mkingoja majibu au kurudishiwa amana. Mchukueni na nakala ya daftari la dawa, mumpitishe hospitali siku hiyohiyo akaguliwe mwili mzima, na ripoti ya daktari ipigwe muhuri kabla hamjampeleka kwingine.